Kumi na Moja kwa Softiboli

Lincoln, Nebraska
12 Januari 1995

Mpenzi Kendra,

Nimekupigia simu mara nne tangu Krismasi, na mara zote nne nimesikia unapumua tu. Sikulaumu. Ila mimi shangazi yako ni mtu wa maneno, na pumzi siwezi kuzijibu, kwa hiyo nimeona nikuandikie. Barua haina haraka. Iweke chini ya mto ukitaka, usinijibu mpaka theluji iyeyuke.

Baba yako kaniambia hutaki kucheza mwaka huu. Kasema fomu ya besiboli imekuja na hujaigusa. Tangu tumzike Kurt mwezi wa kumi sijui nikuambie nini, maana kila ninalolifikiria nilishaliona kwenye zile kadi za rambirambi mezani kwenu. Mlizaliwa siku moja, mkalala chumba kimoja, wewe unarusha yeye anadaka. Sasa mdakaji hayupo. Hata mimi nisingetaka kurusha.

Lakini nisikilize. Hamia softiboli, kwa wasichana wenzako na mpira wetu mkubwa. Najua nimelisema hili tangu una miaka saba, na najua Kurt alikuwa akiniita Shangazi Mpira Mkubwa nikigeuka. Kila mwaka wazazi huniuliza, msichana ahame lini kutoka besiboli? Wapo wanaosema akiwa na miaka minane, asije akazoea vibaya. Wapo wanaosema kumi na miwili, kwa sababu baada ya hapo uwanja wa besiboli unarefushwa na wavulana wanaanza kuota mabega. Mimi husema kumi. Mrushaji wa softiboli huzungusha mkono wote na kuuachia mpira chini, kiunoni, na mkono uliochelewa kujifunza huwa mbishi kama punda. Wewe umechelewa kidogo. Hujachelewa sana.

Humu ndani nimekuwekea karatasi ya ligi yetu, ile ile wanayochezea wasichana wa mji wenu. Inaonyesha makundi: miaka kumi kushuka chini, kumi na miwili kushuka chini, kumi na minne kushuka chini. Jitafute uone uko wapi.

Kula vizuri. Msalimie mama yako hata kama haitikii.

Shangazi yako,
Marlene


Prosek
22 Januari 1995

Shangazi Marlene,

Asante kwa barua. Sikuiweka chini ya mto. Niliisoma jikoni.

Hapa ni baridi. Mama yupo. Baba ameuza ng'ombe sita. Lile ghala limefungwa kwa mnyororo na mahindi bado yamo ndani, hakuna anayetaka kuyatoa. Watu wa kanisani wanaendelea kuleta chakula, hasa mikate ya nyama na kabichi. Tunakula.

Kocha Novotny alikuja Jumapili. Alikaa na koti lake mwilini. Akasema, "Kendra, huu ndio mwaka wenyewe. Kumi na mbili! Hakuna mtoto asiyeusubiri huu." Ni kweli, tulikuwa tunausubiri. Ndio mwaka wa mwisho kwenye uwanja mdogo, na timu teule ya mji huchaguliwa kati ya wenye miaka kumi na miwili. Kurt alishaandika timu nzima nyuma ya daftari lake la hesabu, mimi na yeye juu kabisa. Kocha akasema amepata mdakaji mwingine mwenye mikono mizuri. Tukatoka nje nikamrushia mipira sita kwenye theluji. Akasema, "Mkono upo!" Mimi niliuona tu ukirusha. Nilikuwa kama nimesimama pembeni.

Nina swali kuhusu karatasi yako. Kwa besiboli wanahesabu umri utakaokuwa nao tarehe 31 Julai. Natimiza miaka kumi na miwili tarehe 9 Julai, kwa hiyo mimi ni kumi na mbili. Lakini kwa softiboli karatasi inasema wanahesabu umri uliokuwa nao tarehe mosi Januari. Siku hiyo nilikuwa na kumi na mmoja. Kwa hiyo kwenye softiboli mimi ni kumi na moja msimu wote? Hata baada ya tarehe 9 Julai?

Nimeisoma mara tatu. Nijibu hilo tu.

Kendra


Lincoln
28 Januari 1995

Kendra wangu,

Ndiyo! Tena ndiyo! Yaani wazazi wenye shahada zao wanaikodolea macho hiyo karatasi kila mwaka hawaoni kitu, wewe umeiona jikoni kwa mara ya tatu. Wewe ni kumi na moja mpaka msimu uishe, hata ukiota ndevu. Sheria ni sheria. Unajua maana yake? Unapata miaka miwili mizima kwenye kundi la kumi na miwili. Mwaka huu unajifunza, mwakani unawatesa. Wenzako waliozaliwa Desemba ya mwaka uliotangulia wangelipa nyumba kupata bahati hiyo.

Nimefurahi mpaka nimemwambia jirani, ambaye hajui softiboli ni nini wala hataki kujua.

Sasa kazi. Kwenye kifurushi hiki kuna mipira miwili. Usishtuke ukubwa wake, ni kama balungi, utaizoea. Pima futi arobaini ndani ya banda la matrekta, tundika turubai mwisho wake. Simama, peleka mkono mbele, juu, nyuma, uzunguke wote, kisha uachie mpira unapopita paja. Usifikiri. Ukifikiri utajigonga goti, na mimi mwenyewe nina kovu la kukuonyesha. Anza na mipira thelathini kwa siku. Bega likiuma, acha. Usije ukanijia na ushujaa wa kijinga.

Na mwambie baba yako ajaze fomu kabla hajabadili mawazo.

Marlene


Prosek
13 Februari 1995

Shangazi,

Mipira imefika. Narusha mia moja kwa siku. Bega haliumi. Hakuna kinachouma.

Wiki ya kwanza mpira ulikuwa unaenda juu ya paa. Sasa unapiga turubai, mara nyingi upande wa kulia. Banda ni baridi na glovu ya Kurt ipo msumarini pale alipoiacha, sijaigusa. Nikimaliza naingia ndani, Mama ameshaweka sahani nne. Baba anaitoa moja kimya kimya. Kila siku hivyo hivyo.

Nilimrudishia Kocha Novotny fomu yake bila kuijaza. Alikuwa dukani, akaniambia mbele ya watu, "Sasa wewe unatoroka mwaka wako mwenyewe. Kwa nini?" Nikasema kwa sababu. Akasema, "Kwa sababu si jibu, binti." Nikanunua maziwa nikaondoka.

Fomu ya softiboli nimeipeleka mwenyewe maktaba kwa Bibi Zabka, ndiye anayesajili. Amesema kadi ya mchezaji itakuja mwisho wa mwezi. Shangazi, kwenye kadi wanaandika umri? Na wanapiga muhuri?

Kendra


Prosek
19 Februari 1995

Dada Marlene,

Mimi si mwandishi, utanisamehe. Nikipiga simu Joan atasikia, na Kendra anasikia kila kitu humu ndani hata ukinong'ona.

Mtoto amebandika karatasi yako ukutani, juu ya kitanda cha Kurt. Amepigia mstari tarehe. Nilidhani ni mambo ya mchezo, nikafurahi. Nikajiambia, dada yangu ameweza.

Juzi tukiwa mezani nikasema, ili tu kuwe na sauti, "Mwaka huu binti yangu anafika kumi na mbili, mambo si hayo!" Kendra akaweka uma chini. Akasema, "Kwa softiboli bado mimi ni kumi na moja. Kurt ni kumi na moja. Msimu wote tuko sawa." Basi. Ndiyo sentensi ndefu kuliko zote alizosema mezani tangu mwezi wa kumi.

Joan akainuka akatoka nje bila koti. Nyuzi zilikuwa chini ya sifuri. Nilimkuta amesimama karibu na ghala. Hakulia. Nikamrudisha ndani nikampa chai, hakuinywa. Kisha, nitakwambia ukweli, nikamalizia chakula changu. Chote. Sijui mimi ni mtu gani siku hizi.

Dada, hiyo karatasi ni dawa au ni sumu? Mimi mwenyewe ndiye niliyemtuma Kurt apande ghalani akaangalie mahindi yaliyoganda, yakammeza, kwa hiyo siwezi tena kuamua jambo lolote kuhusu mtoto. Wewe ndiye mjuzi wa hayo mambo ya umri. Niambie.

Leonard


Lincoln
24 Februari 1995

Leonard mdogo wangu,

Barua yako nimeisoma nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena.

Kwanza. Kila mkulima katika wilaya hiyo amewahi kumtuma mtoto wake juu ya ghala. Baba alikutuma wewe. Alinituma mimi, na nilikuwa mdogo kuliko Kurt. Sikuambii hivyo ili upone, najua huponi. Nakuambia kwa sababu ni kweli.

Pili. Ile karatasi niliyompelekea inaweza kufa wiki ijayo, na mwuaji ni mimi. Mwezi wa tisa, kabla ya haya yote, nilipeleka hoja kwenye kamati ya ligi: tuachane na hesabu ya Januari, tutumie tarehe ile ile ya besiboli, kuanzia msimu huu. Nilichoka na akina mama wanaokuja na mabinti kutoka besiboli hawajui mtoto ana umri gani, na waliozaliwa majira ya joto wanapata mwaka wa bure. Nikawaambia, "Mtoto mmoja, umri mmoja." Wakapiga makofi. Wakasema tutapiga kura Machi. Kisha Kurt akafariki, na mimi hoja ikanitoka kichwani kabisa. Januari nilichukua karatasi ya zamani kwenye droo nikaitia kwenye bahasha kama mpumbavu. Nilifikiri mtoto anafurahia mwaka wa ziada wa mchezo. Leonard, sikujua ananiuliza nini.

Kura ni Jumamosi tarehe nne. Nitaiondoa hoja. Usimwambie kitu. Ukimwona anarusha, mwache arushe.

Marlene


Prosek
28 Februari 1995

Shangazi Marlene,

Kadi imekuja. Ni ya muda, Bibi Zabka amesema ya kudumu itatoka baada ya mkutano wa kamati. Ina jina langu na tarehe ya kuzaliwa, na chini yake imeandikwa "Umri wa ligi: 11." Muhuri upo.

Baba ananiangalia sana. Nadhani amekuandikia. Usidhani nimechanganyikiwa. Najua Kurt amekufa. Nilikuwepo walipokata ghala kwa msumeno kumtoa. Najua pia kwamba tarehe 9 Julai itafika tu, nami nitaamka na miaka kumi na miwili niwe nimeomba au sijaomba.

Ila niliona kuna mahali duniani ambapo watu wazima wameandika, wakapiga muhuri, kwamba majira haya yote ya joto mimi ni kumi na moja. Sikuyatunga mimi. Nataka msimu huo mmoja tu. Nikicheza besiboli, kila mtu uwanjani atakuwa anasema kumi na mbili, kumi na mbili, na Kurt atabaki nyuma siku ya kwanza kabisa ya mazoezi. Sitaki nimwache haraka hivyo. Mwakani sawa.

Mpira sasa unapiga katikati ya turubai, sita kwa kumi.

Kendra


Lincoln
5 Machi 1995

Kendra mwanangu,

Kaa chini usome hii ukiwa umekaa.

Jana kamati ilipiga kura. Kuanzia msimu huu softiboli inahesabu umri kwa tarehe ya besiboli. Kadi yako ya kudumu itakuja imeandikwa 12. Hakuna wa kusamehewa, nimeuliza.

Hoja hiyo ilikuwa yangu. Niliipeleka mwezi wa tisa, nikaisahau, nikakutumia karatasi ya zamani. Ungeweza kuishi miaka mingi bila kulijua hilo na ukaendelea kunipenda. Nimeona heri ulijue.

Nilisimama jana kuiondoa. Mwenyekiti akasema, "Marlene, hoja ikishaingia kwenye ajenda si yako tena. Halafu wewe ndiye uliyetushawishi!" Nikasema nimebadili mawazo. "Sababu?" Nikasema watoto wengine wanauhitaji ule mwaka. Mzee mmoja wa kule Seward akacheka, akasema, "Wanauhitaji kwa kombe!" Wote wakacheka. Nilikuwa na habari zako mdomoni. Ningezisema, nadhani wangekubali, wengi wao wana watoto. Nikanyamaza, kwa sababu ni habari zako wala si zangu za kuombea kura. Labda nilikosea hapo pia. Watu kumi na wawili waliinua mikono. Tuliobaki watatu.

Miaka ishirini nimewaambia wazazi msichana ahame lini, kwa sauti kubwa, kama mtu aliyeteremshiwa ufunuo. Leo ukiniuliza sijui. Fomu ya Novotny inafungwa tarehe kumi na tano. Ya softiboli unayo. Ya kukaa nyumbani haihitaji fomu. Lolote utakalolifanya, sitakuambia neno, nawe unajua kwangu hiyo ni adhabu.

Nisamehe. Na usipoweza sasa, basi baadaye.

Shangazi yako,
Marlene


Lincoln
2 Aprili 1995

Kendra,

Hujajibu na hulazimiki. Nimekuandikia mistari hii miwili ili ujue barua bado zinatoka huku.

Marlene


Prosek
10 Julai 1995

Shangazi Marlene,

Sikukujibu kwa sababu sikuwa na kitu cha kusema. Sikuwa na hasira. Nilitaka kuwa na hasira, nikangoja, haikuja. Nilisoma barua yako nikaenda kubandua karatasi ukutani, nikaikunja, nikaiweka kwenye daftari la hesabu la Kurt. Kisha nikalala kwa saa kumi na nne.

Tarehe kumi na tano Machi, siku ya mwisho, nilienda kwa Kocha Novotny. Nikamwambia kama ni kumi na mbili huku na kumi na mbili kule, basi nitacheza ile tuliyokuwa tunaisubiri. Hakusema "nilikwambia." Alisema, "Nitakutafutia jezi." Kwa hiyo msimu huu nimecheza besiboli. Mwakani uwanja ukirefushwa nitahamia kwenu. Mipira yako miwili ninayo na bado narusha jioni moja moja, mkono usiwe punda.

Huyu mdakaji mpya ni mzuri. Anaongea sana nyuma ya mpigaji, nilimwomba asiongee, akaacha. Tumeshinda saba tumepoteza tano. Nimechaguliwa timu teule. Walipoyasoma majina nilisikia langu, halafu nikangoja. Kocha akaendelea na jina lingine.

Jana ilikuwa tarehe tisa. Nilikuwa naiogopa tangu Januari, unajua. Nilipoamka ndipo nikagundua kwamba nilishamwacha Kurt tangu siku ile ya mwezi wa kumi, kila asubuhi siku moja zaidi, na hakuna kadi ambayo ingezuia. Nililiona hilo nikiwa nimelala chali. Nililia kidogo, kama dakika tano. Ni mara ya kwanza, kwa hiyo nakuambia.

Nikashuka jikoni. Mama huoka keki mbili kila mwaka, yangu ya limau na ya Kurt ya chokoleti, kwa sababu tulikuwa tukipigana. Jana ilikuwepo moja, ya limau. Kulikuwa na sahani tatu. Mama alikuwa amekaa ananiangalia nikishuka ngazi, ananiangalia sana, kama mtu anayehesabu.

Akasema, "Una miaka mingapi leo?"

Shangazi, sikutaka kusema. Baba akaanza, "Joan, mwache mtoto," Mama akamwinulia mkono anyamaze.

"Kendra. Mingapi?"

Nikasema, "Kumi na miwili."

Akaweka mikono yake yote miwili mezani. Akasema, "Nilijifungua wawili. Tangu uliposema pale mezani kwamba utabaki kumi na moja, sijalala. Nilikuwa naomba afike angalau mmoja."

Nikamwambia, "Nimefika, Mama."

Tukala keki.

Kendra